Maabara ya Kurudishwa Saa Kumi

Rhotia, 12 Julai 2025

Kwako Clemensi,

Leo wamekuja mnadani wale waliokutoa damu. Ulikuwa ukimwigiza kiongozi wao nikicheka hadi mboga inaungua, basi nakuletea hotuba yake nzima. Ya pembeni nimeyaweka kwenye mabano.

"Waheshimiwa viongozi wa ngazi zote, zilizopo na zinazotarajiwa kuundwa, viongozi wa dini, wazee wa mila, wadau, na wadau wa wadau, watalii mliopotea njia, mabibi na mabwana. Mimi, Mratibu Mkuu wa Jukwaa la Ugunduzi, Daktari mtarajiwa Josephati, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa kuliko wa wote walionitangulia. (Makofi. Aliyeanza ni mwenye kipaza sauti.)

Ndugu zangu, sayansi inakimbia. Wenzetu wanakata na kuunga vinasaba kama fundi anavyopunguza suruali, wamepata chanjo ya malaria, kompyuta inawachorea umbo la protini, nasi, kupitia mkakati jumuishi, shirikishi na endelevu, tumegundua, kwa asilimia mia moja na nne, umuhimu wa kugundua. (Mzee Lekoko, aliyeleta ng'ombe mnadani: "Hiyo nne ni ya nani?") Ya akiba, mzee wangu.

Maabara hii mnayoiona, yenye zulia, kioo kirefu na kitanda cha watu wawili, ni ya kimataifa, na damu mliyotoa mwaka juzi ili tubaini homa inayotoka kwa mifugo imehifadhiwa kwenye ubaridi wa viwango vya juu kabisa. (Hapo nikanyoosha mkono. Nikasema: "Mheshimiwa, mume wangu Clemensi alitoa damu, majibu hayakuja, homa ikamchukua. Watoto wanakunywa maziwa ya ng'ombe walewale. Nataka kujua tu kama ni hayo maziwa.")

Mama, swali zuri, tena la kitaalamu. Majibu yapo kwenye mchakato, mchakato upo kwenye mfumo, na mfumo, nakuhakikishia, upo. (Lekoko: "Basi upigie simu, tusikie ukiitika." Kicheko kirefu. Wewe ungeanguka chini.)

Semeni nami: sayansi kwanza, majibu baadaye. (Mbuzi mmoja tu aliitikia.)

Kwa kumalizia, naishukuru kambi ya watalii kwa kutuazima hema hili, ambalo lazima tulirudishe saa kumi kwa kuwa wageni wenyewe wanarudi kutoka kreta, walikokwenda kutazama wanyama. Dereva wao, kwa darubini ya kuangalia faru, ambayo mmeichungulia mkasema mmeona vijidudu. Bucha ya Sebastiani, kwa koti jeupe. Na Mama Eunike, kwa friji yake, iliyotunza damu yenu vizuri sana hadi alipohitaji nafasi ya soda za Krismasi. Uchaguzi ukifika, mnikumbuke. Ahsanteni." (Hakuna aliyepiga makofi, hata mwenye kipaza sauti.)

Saa kumi hema likaondoka juu ya pikapu, kitanda kikining'inia nyuma.

Nimerudi nyumbani nikachemsha maziwa, nikayaacha yapande mara ya pili. Watoto wamekunja uso kama wewe, uliyekuwa ukisema yakichemka yananuka moshi. Nimesimama hapo mpaka wakamaliza.

Yeye ameomba kura. Mimi sina la kuomba, ila unikumbuke.

Sara