Vita Vyangu na Hewa Ndani ya Bomba la Dizeli

Sogeeni, enyi mlioketi nanyi mliosimama, zimeni redio mtege masikio, niwasimulie mapambano makuu ambayo shujaa wake, kwa bahati mbaya ya historia, ni mimi mwenyewe.

Asubuhi hiyo nilikuwa nampeleka mama mkwe kliniki ya macho, akafunguliwe bandeji ya upasuaji kabla daktari hajaondoka adhuhuri. Nilimpandisha pikapu yangu, farasi wa chuma mwenye injini ndogo ya dizeli na sauti ya jeshi zima, nikamhutubia njia nzima: "Mama, injini hii hainywi, inaonja tu! Huo mshale wa geji usikutishe."

Katikati ya mlima, injini ikakohoa, ikatetemeka, ikakata roho.

"Imeonja ikamaliza?" akauliza mama mkwe.

Sikutikisika, kwa maana nyuma palikuwa na dumu la akiba. Nikamimina dizeli yote, nikarudi kwenye kiti changu cha enzi, nikazungusha ufunguo. Stata ikalia, injini kimya. Nikarudia, nikarudia tena kwa hasira ya kifalme, hata betri ikaanza kunung'unika kama mgonjwa. Ndipo nilipokumbuka, mimi bingwa wa mafundi wasio na gereji, kwamba dizeli ikikauka hewa huingia kwenye mabomba, na injini yangu haiwaki mpaka hewa hiyo itolewe. Na betri ilikuwa ukingoni mwa kaburi.

Nikafungua boneti kama afunguaye lango la ngome. Nikalegeza skrubu iliyo juu ya chujio, nikaishika pampu ya mkono, nikapiga. Adui akatoka kwa mapovu, akinizomea. Nikapiga hadi kidole gumba kikafa ganzi. Mara dizeli tupu ikaruka kwa ghadhabu, ikanipiga usoni, ikateremka ndani ya shati langu jeupe. Nikakaza skrubu kwa kupapasa.

"Ewe mama wa mke wangu!" nikanguruma. "Mimi siiachi pampu hii! Gia iko huru. Zungusha ufunguo, uamue hatima ya ukoo!"

"Baba, mimi sijawahi kuwasha hata pikipiki."

"Mama, tafadhali."

Akahamia kwenye usukani, akanong'onezana na Mungu wake, akazungusha. Stata ikaguna, ikalegea, ikaelekea kuzimia. Kisha silinda moja ikashika, nyingine ikaitikia, na zote zikanguruma, moshi mweusi ukapanda mbinguni. Mama mkwe akapiga kigelegele na honi kwa pamoja.

Tulimkuta daktari mlangoni, mkoba mkononi. Akarudi ndani, akafungua bandeji, na jicho likaona. Kisha, bila kuombwa, akanisafisha na mimi macho.

Jioni mama mkwe aliwakusanya binti zake, akawasimulia jinsi alivyofufua injini iliyokufa. Mimi nilitajwa kidogo tu, kama mtu fulani aliyesimama mbele ya gari akinuka. Basi na iandikwe hivyo hivyo katika tarikhi, wajukuu wasome: siku ile, katikati ya mlima, pikapu iliwaka.