Ramani ya Injini ya Mzee Kristofa

"Kimya kidogo, mzee. Kiwanda kinajibu," Twaha alisema, mkono mmoja juu ya kompyuta mpakato, mwingine hewani kama wa mhubiri.

Kiwanda hakikuwa kinajibu lolote. Mstari wa kijani uliokuwa ukitembea kwenye kioo aliurekodi mwenyewe, nao ulikuwa na tabia njema ya kufika mwisho mteja anapoanza kuchoka.

Mzee Kristofa aliinama juu ya injini ya pikapu yake kwa heshima zote. Kompyuta iliyokuja na gari iliungua. Huko Tanga mzee akauziwa nyingine, ya watu wa mashindano ya magari, isiyojua injini yoyote mpaka ijazwe ramani: mafuta kiasi gani, cheche wakati gani. Bila ramani gari liliwaka, likakohoa, likazima, na kabichi zake zilikuwa zikizeeka shambani. Twaha alilinusa tatizo hilo akiwa stendi ya Lushoto, akapanda hadi kwa mzee na begi, akajiita injinia.

"Ndiyo ramani yenyewe ya kiwandani?" mzee aliuliza.

"Yenyewe. Wajapani hawaitoi hovyo. Nimesoma na mtunza funguo wao."

Mzee akashusha sauti. "Na ile nguvu wanayoificha? Nataka Zuberi, mshindani wangu wa kabichi, anione mgongo tu mpaka Mombo."

"Nimeiweka yote."

Alichoweka ni tarakimu za injini ya teksi ndogo. Zingeifanya injini ingurume kwa muda wa kumtosha mtu kuipita kona ya kwanza akiwa juu ya pikipiki nyekundu iliyosimama uani, ambayo ndiyo iliyokuwa malipo, na ambayo Twaha alikwisha kuipenda.

Mama Jenoveva, mke wa mzee, akatoka na bakuli la viazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kula ushibe, kesho unakaa mbele."

"Mbele ya nini?"

"Ya gari. Huku kwetu fundi hushuka mlima na kazi yake. Ufunguo wa pikipiki hupewi kabla."

Twaha akakirudisha kiazi bakulini. "Hata fundi wa breki alishuka?"

"Alishuka."

"Akafika?"

"Alifika. Siku hizi anasali sana, lakini alifika."

Twaha aliziwaza kona za Soni kwenye mteremko wa kwenda Mombo, injini imezima, usukani mzito, breki zimegoma, kabichi zikisukuma kwa nyuma. Akaenda nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, akampigia Mwanaidi, fundi wa Mombo ambaye Twaha zamani alikuwa akimcheka.

"Ramani halisi ninayo," Mwanaidi alisema. "Niliinakili kutoka kwenye kompyuta nzima ya gari kama hilo. Unalipa nini?"

"Pikipiki."

"Ya nani?"

"Itakuwa yangu."

"Ufunguo nitaufuata mwenyewe."

Alasiri Mwanaidi akafika, akasalimia wazee, akachomeka waya wake kwenye kompyuta ya gari. Injini ikatulia kama mtoto aliyenyonya.

"Huyu ni msaidizi wangu," Twaha alieleza. "Ule ufunguo apewe yeye."

"Naye atashuka?" mzee aliuliza.

"Hapana, baba. Atashuka huyu bosi wangu," Mwanaidi alisema.

Mzee akamtazama Twaha kama mtu anayekagua kamba ya mbuzi. "Basi dhamana inabaki, ndiye huyu. Chukua ufunguo, binti. Na ile nguvu iliyofichwa?"

"Baba, kiwanda kiifiche nguvu kimuuzie nani?" Akamgeukia Twaha. "Ramani ni ya kiwandani, lakini vipimo vya kompyuta hii si vya kiwandani. Nimeweka sawa gari likiwa limesimama. Sehemu ya mzigo na mlima utairekebisha wewe, mkiwa njiani."

"Mimi?"

"Si injinia?"

Pikipiki nyekundu ikanguruma chini ya Mwanaidi, ikaipita kona ya kwanza vizuri sana.

Twaha akatafuta viatu vyake. Mama Jenoveva alikwisha kuviingiza ndani, eti visipate umande. Akaketi kwenye bampa, akaufuta ule mstari wa kijani, akaifungua ramani ya Mwanaidi na kuisoma, safu kwa safu, midomo ikicheza.

"Mzee," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kazini, "likiwa na mzigo, huanza kukohoa gia ya ngapi?"

"Ya pili. Lakini ukungu umeshaingia, funga boneti. Kesho tutaanzia hapo."