Base ya Kujaribia Imekula Base ya Kweli

Bandugu, leo nimepata haya. Haya yenye haina dawa. Niko naandika hii nimejificha nyuma ya magunia ya chumvi, na kule mbele bado nasikia batu banacheka.

Munajua niko natumika ku depot ya Papa Kasereka, hapa Bulengera, mu Butembo. Mi nilianza na kupakia camion. Kisha siku moja niliwasha ordinateur yenye patron alisema imekufa (ilikuwa tu haijachomekwa ku courant, mais sikuambia mutu). Tangu ile siku naitwa informaticien. Mi mwenye niliishia ku primaire!

Mule mu ordinateur muko programme ya kupanga biashara. Unaiuliza: mwezi wenye unakuya, client gani atachukua sabuni, nani chumvi, nani mafuta? Inakujibia, na patron anaagiza bitu mbele mvua iharibu barabara. Iko na base mbili. Moja ya kweli, yenye iko na majina na commande ya ba client bote. Ingine ya kujaribia, njo ya mi kujifunzia nisiharibu ya kweli. Yaya Mumbere (yaya, ni kusema kaka mukubwa), technicien wa Beni mwenye alituwekea ile programme, aliniambia, sawa mutu anaambia mudogo wake:

"Leki, mule fanya yenye unapenda. Hapana mutu ataona."

Haa! Kuniambia mi maneno kama ile?

Shida ya sisi Banande munaijua. Mutoto mwanaume wa pili kuzaliwa anaitwa Kambale. Wa tatu, Kasereka. Ita "Kambale!" mu soko, nusu ya soko inageuka (na mi nageuka, juu nami ni Kambale). Mu base yetu ba Kambale ni bengi mpaka sabuni ya moja inaenda kwa mwingine. Donc, mu ile ya kujaribia, kila mutu nilimuongezea jina ya kumutambulisha. Kulikuwa Kambale Nakuya-Sasa-Hivi, mwenye anakuambia vile ku telefone angali mu blanketi. Kulikuwa Diacre Kasereka Tuombe-Kwanza, juu mbele ya kusikilizana bei anafungisha batu macho kwa maombi, na ukifungua macho bei imeshashuka. Kulikuwa Mama Kavira Haut-Parleur wa Mbau. Ule mama akicheka pale Mbau, batu ba Oicha, muji ingine, banajua kuko habari njema.

Nilicheka peke yangu ile siku, machozi ikatoka. Leo pia imetoka, mais hii ni machozi ingine.

Asubui patron akaniita.

"Kambale, leo ba client bakubwa banakuya. Tutabaonyesha ku ukuta vile tunapanga mwezi unakuya. Nimekodesha projecteur. Chukua bitu byote bya base ya kweli, utie mu ya kujaribia, ikuwe mupya. Njo ile tutafungua. Sipendi tuguseguse ya kweli mbele ya batu."

"Hakuna shida, patron!"

"Ukifanya muzuri leo, depot mupya ya Beni, kule mu commune Ruwenzori, ni wewe utaikala mbele ya ordinateur."

Beni! Mimi! Kiti yenye kuzunguka! (Nilishaanza kuchagua shemizi ya kuvaa mu kichwa.)

Nikafungua programme. Ikaniletea fasi mbili ya kujaza, moja juu, moja chini, na kifaransa kidogo kidogo pembeni. Ile kifaransa sikuisoma. Nani anaisomaka? Sasa musikilize vizuri, juu hapa njo nilikufia. Ku depot yetu, ku bordereau, ile karatasi ya muzigo ya camion, tunaandikaka kwanza fasi muzigo unaenda. Beni, juu kabisa, chauffeur aione. Fasi unatoka inakuya chini. Mukono yangu imezoea vile. Base ya kujaribia nikaitia fasi ya juu, kwa sababu kule njo bitu binaenda. Base ya kweli, chini.

Machine ikauliza: uko hakika?

Nikajibu ndiyo, mbio mbio, sawa bibi-harusi mwenye anaogopa bwana asibadilishe mawazo.

Ba client bakafika. Tukabaikalisha ku mabanc, tukabapatia Fanta. Patron alikuwa amevaa koti yake nyeusi. Tukatundika shuka nyeupe ya bibi yake ku ukuta, groupe ya kutoa courant ikanguruma kule inje. Diacre akasimama.

"Bandugu, tuombe kwanza."

Nilijiuma mudomo, karibu damu itoke.

Amina. Nikafungua base. Mu shuka kukatokea maandishi makubwa sawa ya ku kanisa: KAMBALE NAKUYA-SASA-HIVI.

Batu bakaangalia banc yake. Hapana mutu.

"Eko wapi?" patron akauliza, hajaelewa bado.

"Anakuya sasa hivi!" Mama Kavira akajibu.

Weeee! Depot yote ikapasuka. Patron mwenyewe alicheka mpaka akashika meza. Mais mi niliangalia ile jina tena. Yale majina ilipashwa kupotea! Nikafunga ile base mbio, nikakimbilia base ya kweli.

Mule mule! Nakuya-Sasa-Hivi ananingojea.

Nikainama chini ya meza, nikapiga Yaya Mumbere kule Beni.

"Yaya, base ya kweli imekuwa sawa ile ya kujaribia!"

"Ulitia nini juu?"

"Fasi muzigo unaenda."

"Kambale."

"Yaya?"

"Juu ni fasi bitu binatoka. Hii hapana camion, wee!"

"Sasa?"

"Copy ya jana iko hapa kwangu, jioni nitakurudishia. Mais bazime projecteur!"

Nikatoka chini ya meza. Nimechelewa. Patron alikuwa ameshika souris ya ordinateur yeye mwenyewe, anashuka nayo polepole, sawa mutu anachagua nyama. DIACRE KASEREKA TUOMBE-KWANZA. Diacre akatosha miwani, akaipanguza, akairudisha. Jina ingali pale. Mama Kavira, mama wa batu, alicheka mpaka Fanta ikamutoka mu pua!

"Patron, tuzime kidogo, groupe inapata moto," nikasema.

"Wacha ipate!"

Akashuka tena. MAMA KAVIRA HAUT-PARLEUR, MBAU.

Kicheko ikakatika. Mama akasimama. Ni mama mukubwa, akisimama na mwangaza inapunguka.

"Nani aliandika hii?"

Macho yote kwangu.

"Ni machine, mama."

"Machine inanijua wapi?"

Mbele nijibu, souris ikashuka mara ingine. Patron naye anachukuaka sabuni ya nyumba yake mule mule ku depot, donc naye eko mu base. Nilikuwa nimesahau. Naapa, nilikuwa nimesahau!

PAPA KASEREKA KOTI-YA-MAZISHI.

Batu bakaangalia shuka. Bakaangalia koti. Bakarudi ku shuka. Ile koti anaivaaka ku mazishi, ku ndoa, ku batisimu, na leo. Diacre njo alianza, kidogo tu, mu pua, "khi". Kisha depot yote. Mama Kavira akasahau hasira yake, akafungua ile sauti, mabati ikatetemeka!

Patron hakucheka. Alivua koti polepole, akaikunja, akaiweka ku meza. Akaniangalia.

"Kambale, Beni utaenda."

Nikaruka, nikamushukuru mu kinande: "Wasingya, patron! Wasingya kutsibu!"

"Ngoja nimalize. Utaenda kupakia camion. Ordinateur ya Beni, ukiigusa hata na kiko ya mukono, utarudi Butembo na miguu."

"Patron, nihurumie..."

"Si sisi ba Mbau tutakuwa tunachukulia bitu pale Beni?" Mama Kavira akadakia. "Muzuri sana! Kijana, ni wewe utanipakilia. Na kila karton utabeba, mi nitasimama karibu na sikio yako, nicheke."

Akanionyesha hapo hapo vile itakuwa. Sikio ya kuume mpaka saa hii inalia ngiii.

Wakati natoroka, mu mulango nikagongana na Kambale mwenye hakukuwa amefika. Anahema, jasho ku uso.

"Leki, munacheka nini? Nimekosa kitu?"

Nikamusukuma ndani, nikapita. Atasoma ku ukuta.

Camion inaenda Beni kesho. Tafazali, mwenye atanikuta ku barabara niko juu ya magunia, hapana cheka. Sema tu "bonjour, directeur", upite.