Kombe la Timu Nne na Finjani Yangu

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya mkwe. (Hata sijui kama bado ni mkwe.)

Mchana nilikuwa mtu na heshima zangu. Kanzu yangu ya dishidasha imepigwa pasi, nimejifukiza udi mpaka paka anapiga chafya. Tunakwenda mtaa wa Azaiba kumposa Salma. Msemaji ni Ami Nassor, mdogo wake marehemu baba. Tangu tunatoka nyumbani Wattaya ana neno moja tu.

"Skiza. Kahawa ikimiminwa, finjani iweke chini. Mwenye haja hanywi mpaka akubaliwe. Ukinywa, haja yako ushaimaliza. Ukiitikisa, ndo ushaaga. Umefahamu?"

"Nimefahamu, ami."

"Na domo lako lifunge."

Salma naye alishanionya kwenye simu. Babake, Mzee Khalfan, ujanani alifanya kazi melini na Wabrazil, na akili yake imebaki huko. Hasa yale mashindano ya zamani ya timu za Rio na za São Paulo, majimbo mawili yasiyopikika chungu kimoja. "Akisema chochote, we itikia tu." (Mie wiki tatu nimeyasoma mashindano hayo, tangu yalipoanza mpaka yalipokufa. Nani kanituma?)

Tukaingia majlisi, chumba chao cha wageni. Mzee akamimina kahawa mwenyewe. Finjani nikaiweka chini. Ami akakohoa, "Sisi tumekuja na haja..."

Mzee akanyanyua mkono. "Haja itasemwa. Kwanza kijana anijibu. Mwaka ule Brazil inajiandaa kwenda Kombe la Dunia Uingereza, lile kombe letu Rio walilichukua peke yao. Sivyo?"

Sivyo kabisa! Koo likanikauka. Ami akanikata jicho. Jasho linanitoka na kiyoyozi kinavuma. Itikia. Itikia tu, Salma huyooo unamwoa!

"Hapana, mzee."

(Ulimi huu, ipo siku nitaukata.)

Ami akafumba macho. Mzee akaliweka dele la kahawa chini polepole. "Hapana?"

Basi nikaharibikiwa. Nikavuta sahani ya tende. Tende mbili huku, Rio. Tende mbili kule, São Paulo. "Timu nne zimelingana, mzee! Siku za kucheza fainali hakuna, wachezaji wanatakiwa timu ya taifa! Ikabidi kombe wagawane, wote wanne mabingwa!" Na kombe liko wapi? Nikatafuta kitu cha kuwa kombe. Nikaishika finjani, nikainyanyua juu, nami koo kavu.

Nikainywa. Yote! Halafu mkono, kwa mazoea tu, ukaitikisa.

Mzee akaitazama finjani tupu.

"Naona kahawa imekufurahisha," akasema Mzee.

"Mzee, mie..."

"Basi haja imekwisha. Ahsanteni kwa kututembelea."

"Khalfan, kijana kapitiwa tu," ami akamwomba.

"Kanywa, Nassor. Katikisa. Umeona kwa macho yako." Akaleta chetezo cha udi, na udi ukishapitishwa mgeni anavaa viatu. Nikavaa. Cha kushoto nimekitia kulia, wala sikujali.

Garini ami kakamata usukani, macho mbele. Nilitamani anitukane. Namfikiria Salma nyuma ya mlango, kasikia kila kitu. Nilitaka kulia, wallahi.

Tumefika taa nyekundu, simu ikalia. Ujumbe wa Salma. Nikampa ami asome, mie siwezi.

Akasoma kwa sauti: "Baba kacheka mpaka kapaliwa. Anajua fika kombe liligawanywa. Alikutega aone kama utamdanganya ili unipate. Anasema kwenye mpira umefaulu, kwenye kahawa umefeli. Marudiano Alkhamisi alasiri."

Ami akairudisha simu, akatazama mbele. Taa ikawa kijani.

"Alkhamisi," akasema, "utakuja umefunga."

Msinicheke. Nishatia nia ya saumu.