Makundi Ninayoyajua

Leo nimeaibika, tena kwa Kiswahili changu mwenyewe.

Nimetoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka asubuhi kwenda mjini, City Centre, kufanyiwa usaili wa kazi: kufundisha watoto wa kambini habari za nyota. Kazi hii niliitaka mpaka usingizi ukaruka. Njia nzima nakariri kwa sauti. Nebula, yale mawingu ya angani: zinazong'aa zenyewe, zinazoazima mwanga wa nyota jirani, na zile nyeusi. Kisha aina za makundi ya nyota. (Abiria wa pembeni alihama kiti. Nikashukuru kupata nafasi.)

Kwenye korido wakaita, "Furaha!" Tukainuka wawili. Mimi nina miguu mirefu, nikaingia wa kwanza.

Ndani nikamkuta afisa wa Kimalawi na mkalimani wake, mzee wa kwetu Fizi. Wakauliza kama ninayajua makundi. Roho ikatulia, maana hapo ndipo penye nguvu zangu.

"Nayajua muzuri sana," nikasema. "Iko ile ya wazi, bado ya vijana, kisha inatawanyika. Na iko ile ya zamani, imekazana, iko na maelfu."

Mzee akameza mate, akatafsiri. Afisa akaandika kwenye kompyuta, akauliza nimeyajulia wapi.

"Mi njo nafundishaka batoto. Giza ikiingia, tunapanda ku kilima na darubini."

Afisa akaacha kuandika. (Nikadhani amevutiwa.) Akataka jina la kundi moja tu.

"Kilimia."

Mzee akanikazia macho. "Kilimia ya ku mbingu, mama? Ile tunaangaliaka juu ya kujua musimu ya kulima?"

"Kwani iko ingine?"

Mzee akafunika uso, anacheka mpaka kiti kinalia. Ndipo nilipoelezwa: chumba kile ni cha waliokimbia vita na kuomba hifadhi, na makundi yanayoulizwa ni ya bunduki. Furaha waliyemwita alikuwa bado koridoni, amefika juzi kutoka Uvira na wanawe. Nusura nimharibie maisha! Afisa akafuta maneno yangu yote, nikiona kwa macho yangu. Nilishusha pumzi hadi machozi yakanitoka.

Chumba cha pili wenye kazi ya nyota walikuwa wananingoja. Swali la kwanza: nitaje makundi ninayoyajua.

"Mi sijue kundi hata moja," nikasema upesi. "Na batoto mi sibafundishake."

Wakatazamana. Ikabidi mzee wa Fizi aje kunitetea, huku bado anafuta machozi ya kicheko. Kazi nimepata, namshukuru Mungu. Ila naomba tuelewane mapema: Jumatatu nafundisha nebula. Makundi mumuulize mwingine.