Maabara Bila Mwonjaji

Kenmore, New York
Alhamisi, 9 Juni 2016

Waheshimiwa mnaosimamia maabara za kupima bangi ya dawa,

Poleni na kazi. Mimi ni Leopoldi, Mrundi, shemasi, fundi wa fremu za madirisha kiwandani hapa jirani, Buffalo. Sijawahi kuvuta hata sigara. Nawaandikia kwa heshima, lakini nimekasirika.

Mama yangu, jina lake Florida, ana saratani ya mifupa. Daktari amemwandikia matone ya mafuta ya bangi. Chupa ina siku tisa mezani, mama analia kwa maumivu na hataki kuigusa. Kosa ni lenu, kama ifuatavyo:

1. Kwetu, anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakuna sumu. Hata soda hufunguliwa ukiiona. Binti yangu amenisomea kanuni zenu zote. Ukungu mnapima, dawa za wadudu mnapima, madini mnapima. Kuonja hakuna!

2. Cheti cha maabara kinasema mashine imeridhika. Mama anauliza mashine hiyo ina watoto wangapi. Ikidanganya, inapoteza nini?

3. Nilitaka kuonja mimi. Nikaambiwa mlezi akionja dawa ya mgonjwa amevunja sheria. Yaani kumlinda mama yangu ni kosa, kumwacha alie ni halali. Jamani, inaniuma sana.

4. Kwa hiyo kila maabara iajiri mwonjaji. Awe mtu mzima, mwenye familia, mwembamba, ili sumu isichelewe. Aje na chupa hadi nyumbani, aonje, akae nusu saa tukimtazama. Chai tutampa. Ataionja kwanza mke wangu, Goreth.

5. Akishaonja chupa arobaini kwa siku hafai kushika usukani. Apewe dereva. Dereva tusiyemjua hatumwamini, basi atoke kanisani kwetu. Mchungaji Gaudiosi yuko tayari na ameshaosha gari.

6. Na mwonjaji naye atakunywa nini bila kuonjewa? Hapo ataanza mkuu wa ofisi yenu, hadharani, kila Jumatatu.

Nisalimieni wote hapo ofisini, wapimaji, wafagiaji, na hiyo mashine pia, sina ugomvi nayo binafsi.

Ni mimi, mwenye hasira na utii,
Leopoldi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha ameingia Yudita, muuguzi anayemtembelea mama kila Alhamisi. Mama alimwona ameshika kiuno kwa maumivu, akamhurumia, akataka kumgawia matone. Na kwa kuwa mwenye nyumba ni mama, hawezi kumpa mgeni kitu ambacho hajakionja. Akaweka matone yake chini ya ulimi, Yudita akitazama! Yudita alikataa ya kwake, anaogopa sheria. Lakini mama amelala kwa muda wa saa tatu bila kulia, ameamka anadai maharage, ananicheka mimi na barua yangu. Nami nacheka huku machozi yananitoka. Basi kanuni zenu ziacheni zilivyo, mwonjaji simhitaji tena. Ila dawa ni asubuhi na jioni, na Yudita huja Alhamisi tu. Naomba mnitumie wageni.