Dohani Yangu ya Chini ya Bahari

Jumatatu, 4 Mei

Balaa! Mkuu wa ukumbi wetu wa viumbe wa bahari anastaafu. Mkurugenzi ametangaza kwamba nafasi itakwenda kwa mwenye onyesho bora siku ya Ijumaa, mbele ya wageni wa bodi. Tuko wawili: mimi na shemeji yangu. Shemeji! Mdogo wake mke wangu, niliyemtafutia kazi mwenyewe na kumfundisha kushika wavu. Sasa ana tangi la matumbawe ya kila rangi, watoto wanagandisha pua kwenye kioo chake. Mimi nina tangi la kaa watatu, na mmoja hatoki pangoni. Samaki mkunje angali mbichi. Huyu nilimwacha akakauka.

Nimwite shemeji mkuu? Nitakufa kwanza.

Jumanne, 5 Mei

Wazo! Nitajenga dohani, bomba la moshi la baharini. Kule chini kabisa ya bahari, gizani, maji hupenya kwenye nyufa za sakafu, yakapikwa na mwamba wa moto, yakaacha madini yake ya magnesi huko na kurudi juu yamebeba chuma, shaba na harufu ya mayai viza. Yakikutana na maji baridi, madini huganda na kufoka kama moshi mweusi. Moshi ndani ya maji! Matumbawe yatajificha kwa aibu.

Nimeandika bango kwa mkono wangu, herufi kubwa: BAHARI NI MOJA. KITOKACHO KWENYE DOHANI HUFIKA MBALI, NA CHUMA CHAKE HULISHA MIMEA MIDOGO YA MAJI. Nimelisoma mara nyingi. Zuri mno.

Mke wangu ameuliza birika lake liko wapi. Nimemwambia ni siri ya kazi. Ameguna tu, akaenda kuchemshia maji kwenye sufuria.

Jumatano, 6 Mei

Dohani imesimama. Chungu cha maua kilichotobolewa, mpira wa maji kutoka kwenye birika la mke wangu, masizi ya sufuria kwa ajili ya moshi. Mtunza bustani amenipa kopo la unga wa chuma, ule anaoutia kwenye maua yaliyopauka. Akasema kijiko kimoja kinatosha. Kinatosha kwa maua! Mimi natengeneza bahari. Nimemimina mpaka kopo likabaki robo. Mayai viza nimeyapata kwa mama mkwe. Hakuuliza kitu, ila alisema mwanawe wa kiume hajawahi kuja kumwomba mayai viza.

Fundi pampu alipita, akanikumbusha kwamba matangi yote humu yanazungushiwa maji yaleyale. Nimemjibu kila mtu na fani yake.

Shemeji naye akachungulia. "Shem, mbona inanuka?" Wivu huo.

Ijumaa, 8 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Moshi ulitoka vizuri. Kwa kitambo kidogo hapakuwa na mtu mwenye furaha kunishinda. Kisha wageni wakashika pua. Kisha mmoja akauliza kwa nini ukumbi wote ni wa kijani. Jana niliona kijani kidogo kwenye tangi langu, nikadhani ni taa. Kumbe mwani umekula chuma changu ukashiba, ukasafiri na pampu tangi hadi tangi! Hata chewa mzee wa tangi la jirani haonekani. Matumbawe yamejificha kweli, lakini si kwa aibu.

Shemeji hakunigombeza. Alikunja suruali akaanza kuyahamisha matumbawe yake kwenye ndoo za maji safi, moja moja, machozi yakimtoka. Nikamshikia ndoo. Niliumia, nasema kweli.

Mkurugenzi akanisimamisha mbele ya bango langu, akaniamuru nilisome kwa sauti. Nikasoma. Akasema nirudie. Nilipofika HUFIKA MBALI, nilisoma nikitazama ndoo za shemeji.

Wageni walisema hawajaona mtu anayependa kazi yake kama yule kijana mwenye ndoo. Nafasi ni yake.

Jumatatu, 11 Mei

Maji yamebadilishwa. Matumbawe karibu yote yamepona, namshukuru Mungu. Nimemwita shemeji mkuu. Sikufa.

Nimeondolewa kwenye matangi. Sasa niko chumba cha chai. Mkuu amesema, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba humu hakuna kitu ninachoweza kuharibu.

Nimekaa nalitazama birika kubwa la chai. Kuanzia mlinzi hadi Mkurugenzi, wote wanakunywa humu. Linachemka. Linafoka. Ndani yake umeganda utando mweupe wa madini. Jamani! Hii si dohani kamili? Na hakuna aliyeiona ila mimi!

Tena nimewaangalia wenzangu walipokuja kuchukua vikombe. Wamepauka, maskini. Wote. Ni upungufu wa chuma, hata asiye daktari anaona. Nikiwarudishia rangi zao, nani atakumbuka matumbawe?

Kopo bado lina robo. Mtunza bustani alisema kijiko kimoja kinatosha, lakini yeye alikuwa anazungumzia maua. Hawa ni watu wazima.